Chai Iliyonyimwa Jua

Siku Rafaeli alipowaonjesha chai ile kwa mara ya kwanza, Bibi Costancia alikitazama kikombe chake, kidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa, akauliza kama mgeni ameishiwa au ni uchoyo tu.

"Ndivyo inavyonywewa, mama," Rafaeli akasema.

"Sukari?"

"Haiwekwi."

"Maziwa je?"

"Hayo ndiyo kabisa, mama. Hata maji yenyewe hayachemki sana, huachwa yapoe kwanza."

"Basi haya ni maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, mwanangu. Usituzuge."

Watu wakacheka mpaka kuku wakatawanyika uani. Doto, binti wa Bibi Costancia, hakucheka. Alikuwa bado ameishikilia ile chai mdomoni. Ilianza kwa utamu mdogo, kisha ikawa nzito, nzito kama mchuzi wa maharage mapya kabla hujatia chumvi, halafu ikaenda kukaa nyuma ya ulimi, ikakataa kuondoka. Hakuwahi kuonja kitu cha namna ile. Akaomba tena.

Rafaeli alikuwa kijana wa kilimo aliyepelekwa Japani miezi sita akarudi na maneno mengi, lakini hilo alilieleza vizuri. Mchai ukiachwa juani, alisema, jani linakuwa kali. Ukiufunika kwa neti nyeusi siku ishirini kabla ya kuchuma, jani linahangaika kutafuta mwanga. Linatanuka, linalainika, linakolea kijani, na utamu unaopanda kutoka mizizini unabaki humo humo. Unachuma, unapika kwa mvuke siku ileile, unakausha. "Ila ukifunua kabla ya siku zake," akasema, "umeharibu kila kitu." Hoteli moja ya watalii kule Mikumi ilikuwa tayari kuichukua, na hapo milimani Mamboya, penye ukungu wa asubuhi, mchai ulikuwa umekubali. Doto akawa wa kwanza kupanda, michai mia tatu iliyoletwa ikiwa imeshakomaa, nyuma ya nyumba ya mama yake.

Sasa kuna jambo la nyumba hiyo ambalo lazima lisemwe mapema, maana bila hilo hutaelewa kitu. Doto alikuwa pacha. Mwenzake, Kulwa, alikufa mwaka jana mwezi wa nne, homa ya siku tatu tu, akaacha mtoto wa kike wa miaka mitano, Loveth. Na katika ukoo wao pacha haliliwi. Ukimlilia aliyekwenda, walisema wakubwa, aliyebaki atasikia kilio, atadhani anaitwa, na mwaka hautaisha kabla hajamfuata. Kwa hiyo Kulwa alizikwa asubuhi na mapema, mchungaji akisoma kwa sauti ya chini kama anayesoma barua ya mtu. Hakuna aliyevaa nyeusi. Hakuna turubai, hakuna matanga. Bibi Costancia, mama aliyewazaa wote wawili siku moja, alisimama ukingoni mwa kaburi ameing'ata khanga yake mpaka ikatoboka.

Tangu hapo ikawa Kulwa kasafiri. Aliyeuliza aliambiwa kasafiri. Mtoto aliambiwa mama kasafiri. Hata Rafaeli, aliyefika mlimani miezi mingi baadaye, alijua kwamba mama yake Loveth yuko safarini, na kwa adabu zake alikuwa akisema, "Mkiongea naye kwenye simu, mpeni salamu zangu." Wanaitikia, "Zimefika." Jamani, fikiria kuishi hivyo.

Doto aliishi hivyo mwaka na zaidi, kilio kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki moja baada ya mazishi alikuwa ameshuka Kilosa mjini akanunua kaniki, doti mbili, nyeusi tii, akazificha chini kabisa ya sanduku. Hakuzivaa hata siku moja. Mama yake akienda kanisani, yeye huzitoa, akajifunika uso, akapumua humo kidogo, akazirudisha. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, kama ni kosa.

La pili alilifanya siku ya kufunika michai. Nguzo za mianzi zilikuwa zimesimama, waya umekazwa, neti imetandazwa, na kumbe neti ni fupi. Kule mwisho wa shamba, karibu na korongo, michai tisa ilibaki wazi. Rafaeli alikuwa ameshateremka Magole na pikipiki yake. Neti nyingine ingetoka Morogoro, lini, Mungu ndiye anajua, na machipukizi yalishafungua majani mawili na jua lilikuwa linawaka. Doto akasimama pale ameshika kiuno. Akajiambia kitambaa ni kitambaa. Akaingia ndani, akafungua sanduku, akazitoa zile kaniki, akaziunga kwenye neti kwa sindano ya gunia.

"Hicho nini?" mama yake akauliza akiwa mlangoni, macho yake yameanza kufifia.

"Mabaki ya neti, mama."

Alimdanganya mzazi wake mchana kweupe, wala hakushtuka.

Siku ya nne aliingia chini ya neti kukagua. Ilikuwa saa sita mchana, lakini humo ndani palikuwa na jioni ya kijani, hewa imetulia, hata nzi hakuna. Alikwenda ameinama, anachuma jani hapa na pale, anatafuna. Lilikuwa limeanza kukubali, ukali umepungua, ule mchuzi unakuja. Akafurahi. Akafika mwisho, chini ya kaniki, ambako giza lilikuwa giza kweli, akachuma jani moja akalitia mdomoni.

Lile jani lilikuwa na ladha ya uji wa karanga zilizoungua.

Kulwa hakuwahi kukaanga karanga asiunguze hata mara moja. Tangu utotoni, akipewa zamu ya uji, nyumba nzima inajua leo tunakula mkaa. Walimsema, walimcheka, hakubadilika. Na sasa uji ule ule, na chumvi yake iliyozidi, ulikuwa kwenye jani la mchai. Doto alichuma la pili. Akachuma la tatu. Alipiga magoti kwenye udongo baridi akala majani mabichi kama mbuzi, machozi yanamlengalenga na hayatoki.

Mtu mwenye akili angezivuta zile nguo saa ile ile. Doto hakuzivuta. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, kila saa sita, na hakumwambia mtu. Alikuwa amemkosa dada yake kiasi hicho, na tusijifanye hatuelewi.

Ila hakuwa peke yake aliyekuwa anakwenda kule. Siku ya saba aligundua Loveth hagusi chakula. Ugali anausukuma, ndizi hataki. Kila anapotafutwa anakutwa amekaa mwisho wa shamba, mgongo umeegemea nguzo ya mwisho, pale kaniki inaponing'inia. Akiitwa anakuja, mtiifu kama kawaida yake, lakini amejikinga macho kwa kiganja.

"Jua linaniuma, mama mdogo."

"Linakuumaje?"

"Linauma tu."

Siku ya tisa mtoto akaanza kujificha uvunguni kukipambazuka. Ngozi chini ya macho ilikuwa imegeuka, si njano, si nyeusi; Doto alimvuta mlangoni kumtazama vizuri akaona ni ukijani. Shingo ilikuwa imekuwa nyembamba na ndefu. Vidole navyo virefu, laini, ukivishika vinapinda bila ubishi. Doto alivitambua. Alikuwa ameyaona mashina ya namna hiyo siku hizo zote, chini ya neti, yakijinyoosha kutafuta mwanga.

Kesho yake alimbeba mgongoni akapanda bodaboda mpaka Magole, akadaka gari la Kilosa. Hospitalini wakampima malaria, hakuna. Damu, ipo ya kutosha. Choo, safi. Daktari, mama wa makamo mwenye haraka, akamkagua macho na ulimi akasema mtoto huyu anafungiwa ndani, mtoeni nje acheze, apate jua. Doto akaitikia, "Sawa, daktari." Angemwambia nini? Njia nzima ya kurudi Loveth alijifunika khanga gubigubi akilia kwa sauti ndogo, na abiria wakamwangalia Doto kana kwamba amemchoma mtoto kwa moto.

Walipofika nyumbani Doto akamkalisha jikoni, akafunga dirisha, akamuuliza moja kwa moja.

"Loveth. Kule mwisho wa shamba unafuata nini?"

Mtoto akaangalia chini. "Nimeambiwa nisikuambie."

"Na nani?"

"Na mama. Amerudi safari."

Doto akashika ukingo wa meza. Moyo ulimwenda mbio kwa woga, ndiyo, lakini pia, Mungu amsamehe, kwa wivu. Yeye alipewa ladha tu.

"Anasemaje?"

"Ananisuka. Anasema nisiogope." Loveth akainua macho, na macho yale yalikuwa na huruma isiyo ya umri wake. "Anasema wewe ulikufa, mama mdogo. Anasema hukuambiwa, ndiyo maana bado unatembea. Anasema mtoto hawezi kulelewa na marehemu, kwa hiyo nikahamie kwake, nikalale kule. Bado siku nne."

Doto hakulala. Alikaa kitandani amemkumbatia Loveth, na asubuhi ya siku ya kumi na moja alimfungia ndani, na ya kumi na mbili na ya kumi na tatu vilevile, akikaa mlangoni yeye mwenyewe. Alijua afanye nini: akazivute zile kaniki chini, basi. Mara mbili alikwenda mpaka kwenye nguzo. Mara mbili mtoto alipiga ukelele kutoka ndani ya nyumba, ukelele wa mtu anayekatwa, kabla Doto hajagusa kitambaa, na alipokimbia kurudi alimkuta amelegea, pumzi inahesabika. Akaelewa kwamba akifunua tu hivi hivi, atabaki na mwili.

Siku ya kumi na nne alikwenda kuchota maji, dakika kumi hazikutimia. Aliporudi mlango ulikuwa umefungwa vilevile kwa nje, na Loveth hayumo.

Ndoo aliiacha pale pale. Alikimbia, akainua neti, akaingia kwa magoti na viganja. Jua lilikuwa utosini, na humo ndani jioni ile ya kijani ilikuwa imekolea. Alipofika kwenye kaniki hakuona kitu. Aliingiza mkono akagusa unyayo wa mtoto, baridi, laini. Akaingia mzima. Macho yalipozoea giza aliona kwanza mkono unaosuka nywele, na mkono ule ulikuwa wake mwenyewe, kidole kwa kidole.

"Polepole," sauti ikasema. "Utamwamsha."

Kichwa cha Loveth kilikuwa kimelala kwenye paja la Kulwa. Na Kulwa alikuwa amejitanda nyeusi toka utosini mpaka miguuni.

"Kulwa," Doto akasema.

"Pole, mdogo wangu. Pole sana. Sikuwahi kukuaga."

"Mimi sijafa."

"Najua unaona hivyo." Kulwa alisema kwa upole uleule aliokuwa nao akimfunga Doto kidonda zamani. "Lakini jitazame. Huli, unatafuna majani tu. Hucheki. Mama hakutazami usoni. Mwaka mzima mama hajakutazama usoni, ni kweli si kweli?"

Ilikuwa kweli. Tangu mazishi, Bibi Costancia alikuwa akiongea na Doto huku anaangalia ukuta, anaangalia jiko, anaangalia kuku. Doto alijikuta ameweka vidole shingoni kutafuta mapigo yake, na kwa muda, muda mrefu wa kutisha, hakuyapata.

"Na mimi ndiye mfiwa," Kulwa akaendelea, akigawa nywele kwa ukucha. "Nilikuwa sijui kitu, niko tu. Halafu nikavishwa nyeusi, ndipo nikajua kuna msiba. Mfiwa ndiye huvaa nyeusi, Doto. Wewe umevaa nini?"

Doto alikuwa amevaa khanga ya maua mekundu.

"Ni mimi niliyeleta hizo nguo," akasema. "Nilizinunua kwa ajili yako. Ni wewe, Kulwa. Ni wewe uliyekufa, mwezi wa nne, kitandani kwa mama, nimekushika miguu."

Mkono ukaacha kusuka.

"Usiniambie maneno ya ajabu. Ningekufa mimi wangelia. Nilitega sikio. Sikusikia hata mtu mmoja." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo. "Mama yangu anizike bila kunililia, nimekuwa mbwa?"

"Aling'ata khanga. Waliogopa. Walisema ukililiwa nitakufuata."

Loveth alivuta pumzi moja, kisha ikakawia kuja nyingine, ikakawia mno. Doto akamshika mkono wake amvute, na mkono ukaja laini, ukirefuka, na upande wa pili Kulwa akamkumbatia mtoto kifuani kwa nguvu, kama mama yeyote anayeona mzimu unamnyang'anya mwanawe.

"Kama ni mimi," Kulwa akasema, "lia."

Hapo ndipo Doto alipoogopa kweli. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Hakuwa ameolewa, hakuwa ameona Dar es Salaam, alikuwa na michai mia tatu na ulimi unaojua chai nzuri, na alikuwa anataka kuishi. Aliamini maneno ya wakubwa. Hata leo anayaamini. Alimtazama Loveth, kope zimefumba, midomo imekuwa rangi ya jani. Akafungua kinywa.

Mwanzoni haikutoka sauti. Ilitoka hewa, ikatoka kitu kama kikohozi, halafu mwiba ukang'oka na kilio kikatoka, kikali, kibaya, hakina aibu. "Kulwa weee! Dada yangu weee! Umeniacha na nani!" Alilia akipiga ardhi kwa viganja. Alilia ya mwezi wa nne, na ya Krismasi, na ya kila salamu waliyoiitikia "zimefika".

"Kumbe ni mimi," Kulwa akasema taratibu.

Mikono ikamwachia mtoto. Haikuvutwa, iliacha tu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana safari.

Bibi Costancia alikuja anakimbia, mwanamke wa miaka sabini, hana hata ndala. Alipasua neti kwa mikono kufuata sauti, akaanguka juu ya Doto, akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza! Mwanangu, nyamaza, unajiua! Nitabaki na nani?" Doto akaushika ule mkono wa mama yake, akautoa mdomoni, akauweka kwenye kichwa cha Loveth. Kichwa kilikuwa kimesukwa mistari mizuri, myembamba, yote isipokuwa mmoja ulioishia katikati.

Bibi akaupapasa mstari kwa mstari. Alijua mkono wa kila mwanawe. Akamgeukia Doto, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile, uso ambao ulikuwa wa wote wawili, na kinywa chake kikafunguka. Sauti iliyotoka humo ilisikika mpaka bondeni.

Wanawake walipanda kutoka kila upande, wanakaza khanga viunoni njiani. Walikuwa wamemzika Kulwa bila sauti, wote walikuwepo siku ile, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Walikaa chini baina ya michai wakalia. Mmoja alizishusha kaniki, akamfunga bibi moja na Doto moja, na jua likaingia. Loveth alifumbua macho, akayakunja kwa mwanga, akawaona watu wazima wote wanalia, akauliza mama yuko wapi.

"Amekufa," Doto akamwambia. "Mama yako alikufa, mwanangu."

Mtoto alilia mpaka akapaliwa, jua likimpiga usoni, na Doto akamwacha alie.

Saa tisa Rafaeli alifika kwa ukaguzi wa siku ya kumi na nne. Aliona kwa mbali neti imepasuliwa, akaizima pikipiki kabla haijasimama vizuri. "Jamani, mmefunua! Zimebaki siku sita! Nitawaambia nini Mikumi?" Halafu akaona nyeusi, akaona wanawake chini. Akamsogelea Bibi Costancia, akainama.

"Shikamoo, mama. Poleni. Nani amefariki?"

"Marahaba. Mwanangu Kulwa."

"Yule aliyesafiri? Lini, mama?"

Bibi alifuta macho kwa upindo wa kaniki.

"Leo," akasema.

Rafaeli akavua helmeti, akatafuta nafasi kati ya michai, akakaa chini.